Laki mbili na sabini

Baba yangu,

Tangu Januari shikamoo zako zinanifikia kupitia kwa mdogo wako, nami marahaba nairudisha kwa njia hiyohiyo. Leo nimeona niandike kwa mkono wangu, yeye apige picha akutumie. Kwenye simu ningelia, na bando lingeishia kwenye kilio.

Huenda amekwisha kukuambia kwamba mama yako ni mwanafunzi. Alinisajili yeye, kozi ya mwanzo ya utunzaji wa hesabu, yote kwa intaneti. Nilikubali kwa sababu ya wivu tu: jirani yangu hapa soko la samaki la Mwaloni aliomba mkopo, wakamwomba vitabu vya hesabu, akavitoa. Mimi ningetoa nini? Daftari lako la kidato cha pili, lenye mchoro wa panzi mbele na madeni ya dagaa nyuma?

Basi nasoma usiku, nikishafunga kibanda na kuoga niondoe harufu ya samaki. Siku za mbalamwezi ndizo nzuri, maana wavuvi hawaendi ziwani, mzigo haushuki, nami nalala nikitaka. Giza likirudi, taa zikianza kuwaka kule ziwani kama mji mwingine, ujue alfajiri niko mwaloni na somo linalala.

Wiki ya kwanza niligombana na mwalimu, japo yeye hanisikii. Benki wakinitumia ujumbe kwamba akaunti yangu imekreditiwa, najua hela imeingia. Mwalimu anasema kwenye daftari langu hela ikiingia ni debiti. Nilirudia video mara tatu nikidhani amepotoka. Kumbe benki wanaandika kwa upande wao: hela niliyoweka kwao ni deni wanalodaiwa, ndiyo maana wanaiita krediti. Kwangu ileile ni mali. Tunatazama shilingi moja kutoka kingo mbili, kama mtu wa Kamanga na mtu wa Mwanza, kila mmoja akimwambia mwenzake yuko ng'ambo.

Ugomvi wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Anasema biashara ni mtu mwingine, mimi ni mwingine. Nikichukua hela sandukuni kununua unga wa nyumbani, niandike kwamba mwenye biashara amechukua. Mwenye biashara! Mimi niliyeanika dagaa juu ya mawe nikiwa na mimba yako, nikikimbizana na mvua, leo niombe ruhusa kwenye sanduku langu? Nikaandika hivyohivyo kwa hasira, mwezi mzima. Sikwambii jumla yake. Nitasema tu kwamba miaka yote nimekuwa nikilalamika dagaa hawalipi, kumbe wanalipa vizuri na tunawala.

Anapenda hadithi pia, huyu mwalimu. Ametueleza habari za Luca Pacioli, mtawa wa Italia, ambaye mwaka 1494 alichapisha kitabu kule Venice akaeleza jinsi wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wakiandika kila jambo pande mbili. Hata Wareno walikuwa bado hawajafika Mombasa. Nilichopenda ni kwamba hakuubuni mtindo ule, aliukuta sokoni. Alitaka mtu awe na vitabu vitatu: kimoja cha kuandika mambo yanavyotokea, cha pili cha kuyapanga, cha tatu ndiyo leja, yaani daftari kuu. Mimi nilikuwa nacho kimoja, chenye panzi.

Sasa sikiliza, maana yote hayo nilikuwa nayazungukazunguka.

Wiki iliyopita tulifika kwenye urari, pale unapojumlisha debiti zote na krediti zote uone kama zinalingana. Mwalimu akasema zisipolingana, usianze kumtazama mtu, tazama tofauti. Ikigawanyika kwa mbili, tafuta nusu yake, huenda umeiandika upande usio wake. Ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, huenda umegeuza tarakimu: 54 umeiandika 45, tofauti tisa, 82 umeiandika 28, tofauti 54, na 54 ni tisa mara sita. Ni dalili tu, akasema, siyo ushahidi.

Laki mbili na sabini, baba. Sikuisahau hata siku moja, nawe najua hukuisahau. Nikaigawa kwa tisa kwenye simu. 30,000 kamili, hakuna kilichobaki. Nikasimamisha video.

Unakumbuka Desemba nilikwenda msibani Sengerema, nikakuachia kibanda siku tatu. Usiku wa kuamkia safari nilinunua magunia matatu kwa yule mzee wa Ukerewe, nikamlipa taslimu, nikaandika mbiombio huku mama zako wadogo wananiita. Niliporudi nikahesabu sanduku, likapungua laki mbili na sabini kwa daftari. Uliyekuwepo ni wewe. Sikuuliza mara mbili. Nilisema maneno yale mbele ya wapagazi, na mbele ya mjomba wako.

Nilimwaga kopo la risiti kitandani, lile la maziwa ya unga. Karatasi ya mzee wa Ukerewe ilikuwa imegandana na tiketi ya kivuko. Magunia matatu, 210,000 kila moja, jumla 630,000. Daftarini, kwa mwandiko wangu: 360,000. Hela iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko niliyoiandika, basi sanduku lilikuwa sahihi siku zote. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sikuhitaji kozi kulijua hilo. Magunia matatu kwa 360,000 ni 120,000 gunia. Nani aliniuzia dagaa kwa bei hiyo Desemba? Mimi wa soko hili miaka yote hii, ningeitazama ile namba kwa utulivu ningecheka. Lakini sikuitazama namba, nilikutazama wewe.

Hukuchukua. Naandika tena: hukuchukua.

Kwenye vitabu hawafuti. Nimepiga mstari mmoja juu ya 360,000 ili isomeke bado, nikaandika 630,000 juu yake, tarehe ya leo na sahihi yangu. Pembeni nimeandika: kosa la mwandishi. Ukurasa huo uko kwenye picha ya pili, uukuze uone.

Jana nilimpeleka mjomba wako kibandani nikamwonyesha karatasi zote mbili. Wapagazi wawili kati ya wale bado wako, nao nimewaambia. Mmoja alisema yeye alijua, lakini huyo hujua kila kitu baada ya kuambiwa.

Nisamehe, baba. Sitaki unijibu haraka kwa sababu mimi ni mama yako. Ukikaa nalo mwezi, kaa nalo.

Nimekutumia dagaa kwa basi la Dodoma, wale wa kuanikwa kwenye chanja, hawana mchanga. Nauli ya mzigo imelipwa. Nimeiandika: mwenye biashara amechukua.

Na kama utafikiria kuja likizo ya Juni, nidokeze siku mbili tatu kabla. Chumbani kwako nimeweka magunia, nitayatoa.

Mama yako,
Kirumba