Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Walezi wa Watoto Wadogo, Mukuru kwa Njenga, Nairobi, Mwaka 2024

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Tulikutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi isipokuwa Desemba. Tulizikana, tukawatembelea waliojifungua, wahamasishaji wa afya ya jamii wakapita vituoni tunakolelea watoto kuwapima uzito na kukagua vijitabu vya kliniki. Vituo vitano zaidi vimepeleka makaratasi ya usajili kama sheria ya kaunti ya 2017 inavyotaka. Siku za maandamano ya Juni na Julai tulifunga mapema, na zingine hatukufungua kabisa.

Sasa pesa. Tuko wanachama 62. Kila mmoja akilipa shilingi 200 kwa mwezi, mwaka mzima tungekuwa na shilingi 148,800. Zilizoingia ni 71,400. Deni ni 77,400. Waliomaliza kulipa ni 27, na majina yao mweka hazina ameyabandika ukutani. Mahudhurio ni yale yale: mikutano mitatu tu ndiyo iliyopita watu 30. Nimefungua ukumbi huu kwa mkono wangu saa nane kamili kila mwezi, nikapanga viti, nikakaa na katibu tukitazama mlango hadi saa tisa. Najua Jumamosi ni siku ya kufua, na najua akina mama wa viwandani huchelewa kuchukua watoto. Lakini anayekosa mkutano miezi saba kisha anakuja leo kuuliza pesa zilienda wapi, ananiumiza.

Basi niwajibu hilo la pesa za tenti tulizotumia kwa mafunzo ya kucheza na watoto, maana nimelisikia kwenye mabomba ya maji na nimelisikia kanisani.

Ni kweli shilingi 99,700 zilitoka kwenye mfuko wa tenti na viti. Mfuko ulikuwa na 118,000. Mafunzo ya Jumamosi sita yalichukua 48,000, mikeka na vifaa vya kuchezea 37,500, chai na chakula 14,200. Zimebaki 18,300, na risiti zote ziko hapa mezani. Ni kweli pia kwamba siku tulipoamua, tarehe 11 Mei, tulikuwa 19, na akidi yetu ni theluthi moja, yaani 21. Tulipungukiwa na watu wawili. Katiba yetu inairuhusu kamati kuchukua hatua wakati wa dharura na kuileta kwenye mkutano mkuu. Ndiyo naileta.

Je, ilikuwa dharura? Kumbukeni hali ilivyokuwa. Mto Ngong ulikuwa umeingia manyumbani. Shule hazikufunguliwa hadi 13 Mei, kwa hivyo vituo vilijaa wadogo pamoja na kaka na dada zao. Watoto waliokuwa wameacha kukojoa kitandani walianza upya. Mvua ikigonga mabati, chumba kizima kinalia. Mimi mwenyewe nilimpigia mtoto kelele anyamaze, na nilijua nakosea, ila sikujua la kufanya badala yake. Hapo ndipo nilipomtafuta yule mwalimu mstaafu wa chekechea. Wanaosema ni ndugu yangu, si ndugu yangu. Tulifahamiana foleni ya kliniki. Alipunguza bei mara mbili kwa sababu nilimsihi, na magunia ya vifaa kutoka soko la Gikomba niliyabeba mwenyewe, nauli yangu.

Waliokosa mafunzo wanasema watoto wanajua kucheza bila kufunzwa na mtu. Watoto wanajua. Sisi ndio tulikuwa hatujui. Nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiwaketisha watoto mbele ya televisheni kuanzia asubuhi na kuita huo utulivu. Mwalimu alituonyesha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa, wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na kuanzia mwaka mmoja mtoto ajongeejongee dakika 180 kwa siku, zikigawanywa. Wengine walinung'unika kwamba ukiwa na watoto 20 peke yako, televisheni ndiyo mlezi wa pili. Hilo silipingi kwa maneno, maana nami nimewahi kuwa peke yangu na 20. Ninachosema ni kwamba hata mtoto wa miezi sita akisema "aa", ukimwitikia "aa" na kumtazama usoni huku unamenya viazi, umemfundisha mazungumzo. Haikuhitaji mlezi wa pili.

Kuna mtoto mmoja nitamtaja bila jina, wa miaka mitatu, kwenye kituo kilicho karibu na reli. Usiku wa mafuriko familia yake ilikimbia pekupeku. Baada ya hapo aliacha kusema. Alikaa mlangoni na gambuti miguuni, na saa ya kulala hakukubali zivuliwe. Mlezi wake alikuwa akimvua kwa nguvu, kila siku vita. Mwalimu akamwambia: mwache alale nazo. Shuka chini, magoti sakafuni, mwambie, "Unaogopa maji yatarudi." Basi, usimwambie asiogope. Wiki ya tatu watoto walianza kalongolongo, mchezo wa kuigiza, ya mafuriko. Huyu anabeba godoro ambalo ni kipande cha katoni, yule anamwokoa mtoto wa kitambaa, mwingine anapiga kelele "panda juu, panda juu!" Zamani tungewakemea kwamba wanajiitia balaa. Mlezi aliwaacha. Siku ya nne yule kijana akasimama mlangoni na kusema, "Viatu! Chukueni viatu!" Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Aprili. Mama yake alipoambiwa jioni alikaa chini pale pale nje na kulia. Siku hizi analala bila gambuti, ila anaziweka kando ya kichwa, na hakuna anayemgusia.

Sasa niambieni tenti ipi ingefanya hivyo.

Wazazi nao wamelalamika kwamba mtoto anarudi nyumbani bila kazi ya kuandika, na kwenye kituo jirani mtoto wa miaka mitatu anaandika moja hadi hamsini. Waelezeni kwa upole. PP1, darasa la kwanza la chekechea, ni ya mtoto wa miaka minne, na ataandika huko. Vidole vinavyochambua maharagwe, vinavyopanga vizibo vya chupa na kukamua kitambaa kwenye beseni vinajengwa ili vije kushika penseli bila kuchoka. Mtoto akichelewa kutembea, msimtishe mama haraka. Wengine hutembea miezi tisa, wengine kumi na saba. Lakini akifika kumi na minane bado, au hageuki akiitwa, mpelekeni kliniki msingoje. Vituo viwili mwaka huu vilitambua watoto wasiosikia vizuri, na walezi wote wawili walihudhuria Jumamosi zote sita. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Walezi 34 walimaliza mafunzo. Wengi wao ni wale wale waliomaliza kulipa ada, na hilo halinishangazi.

Mwaka ujao tunatarajia kuwa na mafunzo mengine, Mungu akipenda, pengine kuhusu lishe au watoto wenye ulemavu. Mfuko wa tenti tutaujaza tena kadri ada zitakavyoingia. Tunatumaini pia kuzungumza na ofisi ya wadi kuhusu uwanja wa watoto.

Kuhusu uamuzi wa 11 Mei, nauweka mbele yenu upigiwe kura leo, maana leo akidi ipo. Mkiukataa, nitauheshimu mkutano na kiti nitakiacha, lakini mikeka msiitoe vituoni. Mweka hazina atakaa na kitabu cha risiti kwenye meza ya mlangoni hadi saa kumi na moja. Ukiwa na mia moja tu, lete hiyo mia moja.

Wenu katika malezi,
Mwenyekiti