Njia ya miguu ya Ziwa Haubi iwekewe vibao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wakazi wenzangu wa Dodoma, hasa wale wanaolalamika kila mwisho wa juma kwamba hapa hakuna pa kwenda, kuwa Ziwa Haubi liko Kondoa, na kwamba anayeondoka alfajiri kwa barabara ya lami iendayo Babati anaweza kupanda vilima vya Irangi kwa miguu, akaliona ziwa na kurejea nyumbani usiku uleule.

Matembezi hayo hunoga kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa asubuhi ungali wa baridi. Ukishuka hadi ukingoni unakuta tope limekauka na kupasuka vipandevipande, na kwato za ng'ombe zimeacha mashimo magumu yanayoweza kumtegua mtu kifundo asipovaa viatu vya maana. Maji hayana kina kirefu, na ukubwa wa ziwa hubadilika kufuatana na mvua.

Kwangu mimi, hata hivyo, utamu uko kwenye miteremko. Humo mmomonyoko ulichimba makorongo ya kutisha, udongo ukaporomoka mabondeni, hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ukaanzishwa mwaka 1973. Na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika, uamuzi uliowaumiza wafugaji wengi lakini ulioipa miti na nyasi nafasi ya kuota tena. Makorongo yaliyofunikwa na majani huonekana vizuri na mtembea kwa miguu. Mwenye gari huyapita tu.

Ndiyo maana siungi mkono wazo la kupeleka barabara ya magari hadi ufukweni, ingawa najua wapo watakaoniita mpinga maendeleo. Kinachotakiwa ni vibao penye njia panda, maana vijia vya mifugo na vya watu vinafanana na mgeni hupotea kirahisi, na serikali za vijiji ziteue vijana wa kuongoza wageni kwa ada iliyobandikwa wazi ofisini. Wanaofika Kolo kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wako wilaya hiyohiyo na wangeweza kuelekezwa Haubi siku ya pili. Halmashauri isisubiri mfadhili: mbao, rangi na fundi vyote vinapatikana Kondoa, na kazi hiyo inaweza kukamilika kabla ya kiangazi kijacho.

Mpenda milima,
Dodoma