Simu ya mtoto wa skuli: tuambie kwanza anakwenda nayo wapi

Karafuu zikishaanza kuuzwa tu, sie hapa dukani Chake Chake, Pemba, tunajua. Wazee wanaingia na watoto wao, "huyu mpe simu bwana, mwaka huu kachuma kweli," na mtoto keshachagua zamani, kidole kiko juu ya kioo cha kabati anaonesha ile yenye kamera tatu. Baba anauliza bei, anaguna, anahamia kwa ile ya pembeni yake iliyo rahisi kidogo, wanalipa, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza simu inakwenda kufanya kazi gani. Sie ni wauzaji, pesa hatukatai, lakini simu zilizonunuliwa ivo ndo zinazorudi, mara imejaa haifungui kitu, mara kioo chote kimepasuka, mara mama mtu kaja analalamika mtoto halali usiku eti tumsaidie nini, kwaiyo tumeona bora tuandike yale tunayoyasema kaunta kila siku mpaka sauti inakauka.

Swali letu la kwanza ni umri na anakokwenda nayo. Bajeti baadae. Mtoto wa darasa la nne la tano anatoka asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, jioni kama kuna tuisheni haya tuisheni, anachotaka yeye kwenye simu ni kumwambia mama "gari hamna, nimekwama Machomanne", basi. Hapo kitochi, ile simu ndogo ya batani, kinatosha na kinabaki. Kitochi kipya cha itel au Nokia unaondoka nacho kwa pesa ambayo kwenye smati wakati mwengine hainunui hata kioo cha kubadilisha, kina tochi, kina redio, ukikichaji leo unakisahau siku kadhaa, na umeme ukizima jioni smati ya mtoto ndo ya kwanza kufa, kitochi kipo. Vingi vina kile kitu cha kuweka namba ya haraka, yani mtoto anabonyeza 2 na kuishikilia inampigia mama, 3 baba, 4 bibi, hata kwenye kiza hata akiwa amebabaika. Tukikuuzia tunakuwekea hapo hapo, ila utuambie namba gani iwe ya kwanza maana wengine huanza kubishana mbele yetu.

Na umuulize mwalimu kabla hujanunua chochote. Skuli nyingi hazitaki simu, ikionekana inachukuliwa na mzee anaitwa, sasa ikiwa kitochi roho haiumi sana. Halafu kuna vile vitochi vya KaiOS, vya batani lakini vina intaneti, watu walivipenda kwa sababu vilikuwa vinakubali WhatsApp. WhatsApp walishaviacha, tangu 2025 haifanyi kazi tena huko, kwaiyo mtu akikwambia leo chukua hiki kina WhatsApp ujue anakuuzia hadithi.

Sekondari mambo yanageuka, na hapa hatukubaliani na wazee wanaosema smati mpaka amalize fomu foo. Magrupu ya masomo yako WhatsApp, mwalimu anatuma notsi kwa PDF, pasipepa zote zinazunguka humo humo, na kusoma PDF kwenye kiskrini cha inchi nne ni adhabu. Tafuta skrini ya inchi sita na kitu, ramu GB 3 au 4, memori ya ndani GB 64. Za ramu 2 zipo, ni zile za Android Go ambayo Google waliitengeneza kwa ajili ya simu ndogo, na zinakwenda, hatuzisemi vibaya, ila umuambie mtoto mapema kwamba huku magemu makubwa hakuna (wazee wengine wakisikia ivo ndo wanaichukua hiyo hiyo, na si mbaya).

Memori ndo inayowaumiza wengi. Simu ya 32 si kama una 32 zote, mfumo wenyewe ushakula sehemu yake kabla hujaiwasha, halafu mtoto anaingizwa kwenye magrupu kumi, kila asubuhi habari za asubuhi zenye maua, video za mawaidha, vichekesho, vyote vinajidaunlodi wenyewe na kukaa kwenye galari mara mbili tatu, muhula haujesha simu inasema nafasi hamna na PDF ya baiolojia haifunguki. Simu haina kosa hapo. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime kule kudaunlodi kwenyewe kwa picha na video, zote, za bando na za waifai. Ni dakika moja na inaokoa bando pia, na bando unanunua wewe.

Kamera isikusumbue, ikipiga ubao ukasomeka inatosha. 5G usilipie. 4G inatosha kabisa, muhimu ni mtandao gani unashika nyumbani kwenu na sio hapa dukani, maana mjini Chake kila kitu kinashika ila shamba kuna nyumba laini hii inashika ukumbini tu na ile nyengine mpaka jikoni. Muulize jirani anatumia laini gani, jibu lake ni bora kuliko letu.

Sasa used za Dubai, yani simu zilizokwisha kutumika huko. Tunaziuza na sie, nyengine nzuri kuliko mpya za bei hiyo hiyo, ila kwa mtoto zinataka macho. Kubwa linalotukera ni iPhone 6. Vijana wanataka aifoni, bei ya 6 imeshuka mpaka imekaribiana na Tecno mpya, mzee anaona kapata bahati. Hio simu imegota kwenye iOS 12, iOS ndo mfumo wa aifoni, na WhatsApp tangu 2025 wanataka iOS 15.1 kwenda juu, yani umemnunulia mtoto wa sekondari simu isiyokaa WhatsApp. Ya kupigia picha tu na kuringia.

Ukinunua used popote, kwetu au kwa mwengine, ilaze chali juu ya kioo cha kabati uizungushe kwa kidole, ikizunguka kama pia ya watoto ujue kwa ndani betri imeanza kuvimba, iache hapo hapo hata wakikupunguzia. Bonyeza *#06# ikutolee IMEI, zile namba 15, uzitume kwa meseji kwenda 15090, watakujibu ni simu aina gani na modeli gani, na jina likija tofauti na lililoandikwa nyuma basi umeshaelewa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizifungia simu feki Juni 2016 na watu wakalia sana wakati ule, lakini feki hazijesha madukani. Mwisho mwambie muuzaji airejeshe iwe kama mpya mbele yako, iwake, uchague lugha, uiunge na intaneti, uone haikuulizi akaunti ya mtu usiyemjua. Ikiuliza, huyo mwenyewe wa huko Dubai hutompata.

Wengine hawanunui kabisa, wanampa mtoto simu ya zamani ya baba. Wazo zuri na la bure, na ndo lenye mitego zaidi kuliko yote. Ile simu ina akaunti yako ya Google, kwaiyo YouTube inamjua mtoto wa miaka kumi kama mwanamme wa miaka arobaini na inamletea mambo ya miaka arobaini. Ina WhatsApp yako, ina galari yako, ina meseji zako zote za muamala. Kufuta picha moja moja hakusaidii, nyengine zinaweza kubaki kwenye akaunti. Toa akaunti kwanza kwenye mipangilio, halafu ndo uifute simu nzima, kwa mpango huo huo. Ukianza kwa kufuta kwa batani za pembeni huku akaunti imo ndani, simu inajifunga na inataka ile ile akaunti na paswedi yake ya zamani ambayo hata mwenyewe hukumbuki, tunazipokea hizi sana na nyengine zinabaki hapa droo muda mrefu tu mwenyewe akitafuta paswedi.

Laini iwe kwa jina lako. Usajili ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na mtoto chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha NIDA, kwaiyo ni wewe, sio kaka wa jirani na sio yule kijana wa mwavuli anaesajili laini aliyekuwepo tu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Akaunti ya pesa ya laini ile namba ya siri ikae kwako. Meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii" mtoto anazipata kama mtu mzima na yeye ndo mwenye haraka ya kusaidia, akiipata namba ya tapeli mnaipeleka 15040.

Kwa smati tunaweka na Family Link, programu ya Google, ya bure. Mtoto wa chini ya miaka 13 unamfungulia akaunti yake chini ya yako, akitaka kuweka gemu simu yako inalia na wewe ndo unakubali au unakataa, saa za usiku unazipanga simu inajifunga, na unaona ilipo. Ila wazee wanaelewa vibaya hapa, ile ya kuona simu ilipo inataka simu ya mtoto iwe na bando, bila ya bando utaona alipokuwa jana. Na WhatsApp wenyewe wanasema miaka 13, kwaiyo mtoto wa darasa la tano anaetaka grupu la masomo liingie kwenye simu ya mama, si dhambi.

Kava na protekta tunabandika kabla simu haijatoka mlangoni, na gharama hii usiikate. Maji nayo. Watoto wetu ni wa pwani, simu inakwenda nae Wesha, inakwenda nae Mkoani gatini, inaingia. Maji ya bahari sio ya mvua, chumvi inaanza kuila bodi siku ile ile. Zima, toa laini, usiichaji hata kwa kuijaribu, usiitie kwenye mchele maana mchele hautoi chumvi, ilete siku hio hio tuifungue tuisafishe. Ikikaa wiki kwenye mchele inakuja imeshika ukijani ndani na hapo fundi anaweza kukuambia ukweli tu.

Za mkopo zipo, unalipa kidogo kidogo, lakini nyingi zinajifunga usipolipa kwa wakati, na mtoto hajui kama umechelewa wewe, anaiona tu imejifunga na mtihani ni kesho. Kama unaweza kusubiri karafuu, subiri ununue taslimu.

Ukija njoo na namba yako ya NIDA na simu yako mwenyewe, tena iwe smati kama unataka Family Link, na iwe na chaji. Kuweka kila kitu ni kama nusu saa na hatutozi kwa simu ulonunua hapa, ila Ijumaa tunafunga kabla ya sala mpaka saa nane mchana, na ile siku meli imeingia duka linajaa kweli. Mtoto njoo nae, paswedi ya skrini aichague yeye na wewe ukiwa unaiona.