Hadithi fupi zinazojuana nazo zipewe nafasi gazetini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua niongelee ukurasa mwingine wa gazeti hilihili, ule wa hadithi wa wikendi, maana mimi nausoma kila unapotoka na naona kuna kitu kikubwa tunakikosa pale. Kila mara ni riwaya ya mfululizo, inakatwa pale mlango umegongwa au bastola imeshatolewa, chini wanaandika itaendelea, basi. Sina ugomvi na mfululizo, ni mbinu ya kale na ina heshima yake, hata Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliokoa maisha yake kwa kukatiza stori alfajiri ikiingia ili mfalme atake kusikia iliyobaki. Ila ukikosa gazeti la wiki moja umeshaachwa, na hata ukifuatilia mpaka mwisho muda wote ulikuwa unakimbizwa na hamu ya kujua nani kafanya nini, huzuni au furaha ya wale watu haijapata hata muda wa kukukaa moyoni.

Ninachoomba mimi ni hadithi fupi zinazojuana. Yaani kila hadithi inaanza na kuisha yenyewe siku hiyohiyo, unaweza kuisoma peke yake ukatosheka, lakini mtu uliyekutana naye kwenye ya kwanza anapita tena kwenye ya nne, mtaa ni uleule, au jambo lililotokea kule unalisikia huku watu wakilitaja juujuu tu.

Ngoja nitoe mfano wa kubuni ili nieleweke. Hadithi ya kwanza kuna mama amekaa na simu mkononi anamsubiri mwanae apige, waligombana, siku ya tatu hii hawaongei, kunakucha simu haijaita, hadithi imeisha. Unaweka gazeti pembeni umemkasirikia yule kijana. Wiki inayofuata ni habari ya kondakta wa basi, naye ana shida zake, siku ni mbaya na tajiri anataka hesabu kamili, na katikati ya mahangaiko yake anamuona kijana kwenye siti ya nyuma anaandika meseji anaifuta, anaandika tena anafuta, mpaka mwisho wa safari hajatuma kitu. Kondakta hajui ni nani na wala hajali, anamwambia shuka bwana unatuchelewesha. Mwandishi naye hasemi lolote. Wewe msomaji ndo unajua, na hapo ndo kifua kinabana, kwa sababu mama hajui na huenda asijue maisha yake yote, kondakta hajui, ni wewe peke yako umebeba pande zote mbili na huna wa kumwambia.

Hiyo ndiyo raha ya hadithi za aina hii na ndo maumivu yake pia. Kwenye riwaya ya kawaida mwandishi angejisikia analazimika kuwakutanisha yule mama na mwanae, walie, wasameheane, tufunge kitabu. Hapa halazimiki kabisa. Kila mtu anabaki na kipande chake cha ukweli, msomaji ndo anaviunganisha, na kitu ulichokiunganisha kwa akili yako mwenyewe kinakaa moyoni muda mrefu kuliko ulichoelezwa.

Waliofanya hivi wapo na walifanya vizuri sana. Elizabeth Strout, mwandishi wa Marekani, alitoa Olive Kitteridge mwaka 2008 na mwaka uliofuata kikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani, ni hadithi 13 kuhusu watu wa mji mdogo wa kubuni ulioko pwani ya Maine. Olive ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mkali, mdomo haujui kupamba. Kwenye hadithi nyingine yeye ndiye mwenye stori, kwenye nyingine anapita tu. Kuna moja ni ya mwanamke mpiga piano kwenye baa, yuko kwenye usiku mbaya sana wa maisha yake, Olive na mume wake Henry wanaingia, yule mwanamke anampigia Henry wimbo anaoupenda, na habari yao inaishia hapo. Mtu aliyeanzia hadithi hiyo ataona ni mteja tu kapigiwa wimbo. Lakini sisi tuliosoma hadithi ya kwanza tunamjua Henry, tunajua upole wake na kile alichokaa nacho moyoni miaka mingi bila kumwambia mtu, kwa hiyo ule wimbo unatuchoma kwa namna ambayo hata mpiga piano mwenyewe hawezi kujua. Mistari michache tu! Mwandishi hajaongeza neno hata moja la kutuliza, kazi yote ilishafanyika kurasa nyingi nyuma.

Halafu kuna yale mapengo, hili naomba nilikazie. Kati ya hadithi moja na nyingine muda unapita na hatuonyeshwi. Unamuacha Henry mzima anatembea, unakuja kumkuta ameshapigwa na kiharusi yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, unasogea mbele tena ameshafariki na mkewe anajaribu kuishi. Hakuna sura ya mazishi ya kutuandaa. Na si ndivyo tunavyopata habari za watu wengi tuliowahi kuwajua? Unauliza fulani yuko wapi siku hizi, unaambiwa mbona alishafariki kitambo, na wewe muda wote huo ulikuwa unamfikiria yuko hai anacheka vilevile. Riwaya inayofuata mtu hatua kwa hatua haiwezi kukupa mshtuko wa namna hiyo, haya mapengo yanaweza.

Sasa nije kwenye toni, yaani ile sauti na hali ya moyo inayotawala hadithi, maana naona watu wakiongelea hadithi zinazounganika wanataja wahusika na mtaa tu, toni wanaisahau, na kwangu mimi toni ndo inayoshika kila kitu. James Joyce, mwandishi wa Ireland, alipotoa kitabu cha Dubliners, yaani watu wa mji wa Dublin, mwaka 1914, baada ya miaka mingi ya kuhangaishwa na wachapishaji, aliweka hadithi 15 na wahusika wakuu karibu wote ni tofauti, mmoja hamjui mwingine. Lakini ukisoma unasikia kabisa ni kitabu kimoja. Kinachozishika ni ile hali ya watu kukwama, wanatamani kuondoka au kubadilika na mguu haunyanyuki. Eveline, msichana wa mojawapo ya hadithi hizo, amefika mpaka bandarini, mpenzi wake anamwita wapande meli waende kuanza maisha mapya, yeye kang'ang'ania chuma cha uzio kwa mikono miwili, hasogei, uso wake hauonyeshi hata kama anamtambua yule mwanaume. Ukishamuona Eveline vile, kila mtu wa kitabu hicho anayesema kesho nitafanya, unamwonea huruma kabla hajamaliza sentensi.

Ila toni isieleweke kwamba ni huzuni mwanzo mwisho, hapana. Miguel Street, kitabu cha V. S. Naipaul, mwandishi mzaliwa wa Trinidad, cha mwaka 1959, inachekesha kweli. Ni mtaa mmoja wa Port of Spain kule Trinidad, anayesimulia ni mvulana, kila hadithi jirani mmoja. Kuna Popo anajiita seremala, kutwa anagonga nyundo na kupiga randa, ukimuuliza unatengeneza nini anasema anatengeneza kitu kisicho na jina. Mtoto anampenda kwa hilo. Baadaye mke wake anaondoka, dunia inampiga, anapitia mpaka jela, na anaporudi anakuwa seremala wa kweli anayetengeneza vitu vya kuuza. Mtoto anamuuliza lini ataanza tena kutengeneza kile kitu kisicho na jina, anafukuzwa kwa hasira. Unacheka na huku kitu kinakukaa kooni. Kila hadithi inakuja na kicheko cha aina ile na chini yake kuna mtu aliyevunjika, na kwa kuwa zimefuatana, ukifika za mwisho unakuwa unacheka kwa tahadhari, kicheko kinabadilika chenyewe bila mwandishi kukuambia sasa kuwa makini. Hadithi moja fupi peke yake haiwezi kufanya hivyo, haina muda.

Na mwisho wake sasa, yule mvulana amekua anaondoka kwenda kusoma ng'ambo, ameshaaga, ndege inachelewa, anarudi mtaani kidogo. Anakuta kila mtu anaendelea na mambo yake, hakuna pengo lolote la yeye kutokuwepo. Anaumia. Na sisi tunaumia naye maana kitabu kizima amewapa watu wale nafasi kubwa moyoni mwake, na mtaa hata haujashtuka.

Nijibu na wale watakaosema wasomaji wa gazeti hawana muda wa kukumbuka nani alitokea wapi. Hadithi za aina hii ndo zinamfaa zaidi msomaji wa gazeti! Aliyekosa wiki mbili anasoma ya leo na inamtosha. Aliyesoma zote anapata zaidi. Hakuna anayetoka mikono mitupu. Mfululizo wa sasa unamwadhibu aliyekosa, huu unamzawadia aliyekuwepo, na kwangu hiyo ni tofauti kubwa.

Kuna namna ya kuziharibu lakini, nimeshaona. Mwandishi anaanza vizuri, halafu mwishoni anashikwa na hamu ya kufunga kila fundo, ghafla muuza maua ni dada wa daktari, daktari ni baba wa yule mwizi, na wote wanakutana kwenye harusi moja. Ile si hisia tena, ni hesabu ya kujumlisha. Uhusiano ukiwa mwepesi ndo unauma, mtu apite mlangoni, jina litajwe kwenye mazungumzo ya watu wengine, shati la mtu aliyekufa lionekane limevaliwa na mtu mwingine asiyejua lilikuwa la nani. Kosa lingine ni kudhani toni moja maana yake kila hadithi iishe kwa kifo. Msomaji akishajua kila wiki kuna msiba anajikinga mapema, na akishajikinga humpati tena.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni hili. Mchukueni mwandishi mmoja, mpeni nafasi ya hadithi saba au nane, mtaa mmoja au jengo moja au hata safari moja, kila hadithi iishe siku yake. Msichanganye waandishi kwenye msururu mmoja, maana sauti zikiwa nane toni inapotea, na mikusanyiko ya waandishi mbalimbali tunayo tayari na ina kazi yake. Kama waandishi hawajaleta za namna hii naamini ni kwa sababu hakuna aliyewaomba, tangazeni muone. Na zikija, mpangilio muuache kama mwandishi alivyoupanga. Joyce alizipanga zake kuanzia utoto, kisha ujana, kisha utu uzima, ndo akaja kwenye maisha ya hadharani, ukizipangua bado ni hadithi nzuri moja moja lakini ule uzito wa miaka kuongezeka unapotea. Najua kuna siku tangazo kubwa linaingia na hadithi ndefu inabidi isubiri wiki nyingine, ikitokea hivyo naomba muahirishe ukurasa mzima kuliko kuruka moja na kuileta baadaye.

Ni mimi msomaji wenu wa ukurasa wa hadithi.