Manamba wa St. Clair

Cleveland, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko chuoni na unakula vizuri. Mimi ni mzima, ila baridi imeshaanza kuingia magotini.

Tangu Jumatano uliponipigia simu sijatulia. Ulisema mwalimu amewaagiza muandike historia ya ukoo, nawe umechagua upande wangu wa Korogwe kwa kuwa upande wa baba "hakuna cha kusimulia, walikuwa vibarua tu." Nilikuwa kazini, sikukujibu. Lakini hiyo "tu" yako imenichoma mpaka leo. Baba yako alifariki kabla hujafika umri wa kuuliza, na babu yako aliyenisimulia haya jikoni kwake, jioni baada ya jioni, naye hayupo. Nimebaki mimi, mkwe wa kutoka Tanga. Nisipokwambia mimi, hutaambiwa na mtu.

Babu yake baba yako, ambaye wewe ni kitukuu chake, alizaliwa mwaka 1891 kijijini karibu na Žužemberk, kwenye bonde la mto Krka. Leo ukitazama ramani utaandika Slovenia. Enzi hizo hapakuwa na nchi ya jina hilo. Palikuwa na jimbo la Kranjska ndani ya himaya ya Austria-Hungaria, na Waslovenia walikuwa raia wa mfalme aliyekaa Vienna. Ndiyo maana kwenye karatasi zake za Marekani wameandika "Austria", nawe ukadhani ni Mjerumani. Hakuwa Mjerumani. Kijerumani alikisikia kwa wakubwa wa serikali. Nyumbani walisema Kislovenia.

Ardhi ya kule ni ya mawe, na kila baba alipokufa shamba liligawanywa vipande. Mizabibu ilikuwa imeliwa na filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, na kodi haikungoja. Zaidi ya hayo, jeshi la mfalme lilikuwa linamsubiri. Mwaka 1909, akiwa na miaka 18, akapanda treni Ljubljana mpaka Le Havre, Ufaransa, na kutoka hapo meli, daraja la tatu, mpaka Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York. Nauli ilikuwa ya mkopo. Alikuja Cleveland kwa sababu wanakijiji wenzake walishatangulia. Waslovenia walikuwa wengi hapa kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, wamejipanga kando ya St. Clair Avenue, na tangu 1893 walikuwa na parokia yao ya St. Vitus.

Alipata kazi kwenye kiwanda cha kuvuta waya wa chuma. Saa 12 kwa siku. Na kila baada ya wiki mbili, zamu ya mchana ilipobadilishana na ya usiku, walisimama saa 24 mfululizo. Viwanda vya chuma vya nchi hii havikuacha utaratibu huo mpaka 1923. Kiwandani hakuitwa kwa jina. Alipewa kibati cha shaba, kinalingana na sarafu yetu ya shilingi mia mbili, kimechongwa namba. Kwa namba aliingia, kwa namba alilipwa.

Siku babu yako aliponionyesha kile kibati nililia, naye akashangaa. Nikamweleza kwamba babu yangu mzaa baba alitolewa Kigoma akaletwa Korogwe kukata mkonge, na watu kama yeye waliitwa manamba, kwa sababu ya hizo namba. Hata hilo neno kibarua ulilolitamka kwa dharau, mwanangu, asili yake ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe apate ujira wake. Wewe una manamba pande zote mbili. Usichague upande mmoja kwa kudhani mwingine hauna habari.

Sasa nikwambie habari ya mke wake, maana yeye karatasi zake ni chache sana. Alifika mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla vita havijafunga bahari. Walipanga nyumba ya vyumba vinne na kuchukua wapangaji wanane, wote wanaume wa kiwandani. Vitanda vilikuwa vinne. Wa zamu ya usiku alipoingia, wa mchana alikuwa anaamka, na shuka halikupata kupoa. Huyo mama aliwapikia wote wanane, akawafungia chakula cha kazini, akawafulia nguo zenye mafuta ya mashine kwa maji aliyochemsha mwenyewe, huku analea. Ile nyumba baadaye ilinunuliwa kwa mikono yake kuliko ya mumewe. Babu yako alinisisitizia hilo mara nyingi, nami naliamini. Kwenye sensa, mbele ya jina lake, sehemu ya kazi wameandika "hana".

Na kitabu kile chekundu kwenye boksi la bati, ulichoniuliza ukiwa mdogo, ni cha chama. Unakumbuka kikundi cha bibi yako kule Korogwe, cha kufa na kuzikana, na kaunta buku yao yenye majina? Ni kitu kilekile. Waslovenia walianzisha vyama hivi kwa sababu mtu akiumia hakuna aliyemjali, na akifa alizikwa kwa kuchangisha barabarani. Wakatoliki walianzisha chama cha KSKJ huko Joliet mwaka 1894. Wale ambao hawakutaka mambo yao yaongozwe na mapadri wakaanzisha chama cha SNPJ huko Chicago mwaka 1904. Mzee alikuwa wa SNPJ, mke wake hakukosa misa St. Vitus, na inasemekana waligombana juu ya hilo kila Jumapili kwa miaka 40. Lakini mchango wa kila mwezi alikuwa anaupeleka mama. Mwaka 1926 waya ulikatika ukamchana mzee mkono wa kulia, akakaa nyumbani miezi minne. Fungua kitabu uone: malipo ya ugonjwa, wiki baada ya wiki. Ndiyo waliyokula.

Mwezi Machi 1933 benki za hapa zilifungwa, na kubwa mbili hazikufunguliwa tena. Tangu hapo mama yule akawa anaweka akiba ndani ya nyumba. Ijumaa tarehe 20 Oktoba 1944, mchana, tangi la gesi ya kimiminika lilivuja mtaani kwao, gesi ikatambaa mpaka kwenye mifereji ya chini ya barabara, ikalipuka. Walikufa watu 130. Babu yako alikuwa na miaka 16, yuko shuleni. Alikimbia mpaka askari walipomzuia, na usiku ndipo akamkuta mama yake, amesimama uani mwa kanisa na aproni yake ya jikoni. Nyumba iliteketea na akiba yote ndani yake. Kitabu cha chama kilipona kwa sababu siku hiyo kilikuwa kwa katibu, kinagongwa mhuri.

Huyo mama alijenga upya akiwa na miaka zaidi ya 50. Potica ya Krismasi unayoipenda, ule mkate wa kuviringishwa wenye jozi na asali, ni mapishi yake. Alimfundisha babu yako, babu yako akanifundisha mimi, akinigomba kila nilipousukuma unga ukabaki mnene.

Boksi liko juu ya kabati langu. Kibati sikitumi kwa posta, ninaogopa kitapotea. Njoo Desemba ukichukue mwenyewe, na uje na daftari, kuna majina ya wale wapangaji wanane nyuma ya kitabu na ninataka tuyasome pamoja.

Mama yako