Kizibo kwenye kona ya ubao

Busia, Uganda

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka hapa mpakani. Sisi tu wazima, malori bado yamepanga foleni kama ulivyoyaacha, na mama anakusalimu sana.

Tangu urudi Gulu, ubaoni kwangu kuna mchezo mmoja tu wa sataranji: Larsen wa Denmark, mwenye kete nyeupe, na Spassky wa Kisovyeti, mwenye nyeusi, Belgrade, 1970, Umoja wa Kisovyeti ulipocheza na timu ya dunia nzima. Uliniambia niutazame ili niache kufungua na askari wa pembeni, b3 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake). Nimeutazama jioni tano, na bado sikubaliani nawe.

Kosa si b3. Farasi wa Larsen aliruka mara tatu, f3, d4, c6, halafu akaliwa. Hatua tatu zimekwenda na maji. Na mchezo unapoisha, farasi wa b1 na ngome ya a1 wako palepale walipopangwa! Spassky yeye hatua ya 9 alikwisha kumficha mfalme upande wa malkia, ngome zote mbili ziko kazini. Ukianzia pembeni umemwachia mwenzako katikati, kwa hiyo huna ruhusa ya kuchelewa kutoa kete zako.

Unaikumbuka ngome nyeusi iliyopotea, tukaweka kizibo cha soda mahali pake? Ndiyo hiyo hiyo. Hatua ya 14, farasi wa Spassky ameshaliwa pale g4, naye badala ya kulipiza anaishusha ngome mpaka h1, mdomoni mwa adui. Nilikiweka kizibo kwenye ile kona nikabaki nimekishika, sikutaka kukiachia. Larsen akaila. Askari mweusi akashuka g2, malkia akaingia h4 kumtisha mfalme, na askari yule yule, aliyetoka h7, kwa hatua yake ya tano akala ngome f1, mwisho wa ubao, akageuzwa malkia. Hatua ya 17, Larsen akasalimu amri. Hata angemla malkia yule mpya, askofu alikuwa anamsubiri g4, na mfalme asingeokoka.

Lakini raundi iliyofuata Larsen alimshinda Spassky, bingwa wa dunia, na ufunguzi wa b3 mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ukija likizo jiandae, nafungua na b3.

Na ukiona ngome nyeusi sokoni huko, usininunulie. Kizibo nakitaka kibaki.

Wako,
rafiki yako wa Busia