Ngitili yangu si "eneo wazi"

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka thelathini na mbili bila kukusumbua kwa barua hata moja, hata siku mliyotoa picha ya mbogo mkaandika nyumbu. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, kwamba aina nyingi za miti ya mbugani zimesalia hifadhini tu na nje ya mpaka ni "eneo wazi", imenishinda kunyamazia.

Hilo eneo wazi ndiko ninakoishi. Hapa Meatu nina ngitili ya ekari kumi na moja niliyoachiwa na marehemu baba. Mwandishi wenu inaelekea hajui, kwa hiyo nimweleze: ngitili ni eneo la malisho ya akiba, nalo hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikue, na ng'ombe huingizwa kiangazi kikishakolea, tena kwa zamu, kipande baada ya kipande. Geti hakuna. Kuna dagashida, baraza letu la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, na anayekiuka hulipa.

Sasa sikia. Kiangazi kilichopita walifika vijana watatu na gari jeupe, kazi yao kuhesabu miti. Nikafurahi, nikawapa viti na maziwa mgando. Tukaingia ngitilini. Mgunga ule wenye vinundu vya sisimizi, unaopiga mluzi upepo ukivuma, kijana akaandika "mgunga". Mgunga wa mwavuli, "mgunga". Ule wa gome la manjano kule bondeni, "mgunga". Mjukuu wangu wa darasa la nne akaanza kucheka, nikamkanya. Mkwaju na mlama nikawatajia mwenyewe, na mpingo mmoja mwembamba kama mkono wangu, ninaoulinda kuliko ndama. Mwiba ukapenya soli ya yule mwenye kompyuta ndogo, nikamchomoa. Basi, walipofika kwenye fomu yao, visanduku vilikuwa viwili tu: lililohifadhiwa na lisilohifadhiwa. Kijana akaniuliza, "Mzee, eneo hili lina GN?" yaani Tangazo la Serikali. Nikamwambia halina GN, lina mimi. Akatia alama kwenye "lisilohifadhiwa", akanishukuru kwa maziwa, wakaondoka! Miaka yote hiyo ya kugombana na wapwa zangu wanaotaka kuni, kumbe kwa kalamu moja nimekuwa mharibifu wa mazingira.

Mwaka 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza, Shinyanga yote (nasi tulikuwa humo, Simiyu haijazaliwa) ilikuwa na ngitili zisizofika hekta 1,000. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha wenye ngitili wakaziacha. Ndani ya miaka kama ishirini zikapita hekta 300,000. Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, bila mtu kukata utepe.

Sikatai, mbao nzuri na miti mikubwa utaikuta zaidi upande wa hifadhi. Ila huko nako msiwape askari sifa zote. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Miaka ya 1950 ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu pia. Baba alikuwa mmoja wa washika pembe. Ugonjwa ulipokoma kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu wakaongezeka kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya milioni moja. Wakala nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miche ya migunga ikapata kurefuka. Kwa hiyo sindano waliyodungwa ng'ombe wetu nayo imeotesha miti ya watalii. Mbona hilo hamkuliandika?

Na kwa kuwa nimetaja mifugo: josho la kijiji chetu halijatiwa dawa tangu mwaka juzi. Popo wamelifanya makazi. Kila tukiuliza tunaambiwa bajeti iko njiani. Sijui inakuja kwa punda.

Napendekeza hivi. Fomu iongezwe kisanduku cha tatu, kiandikwe "ngitili". Rula na kalamu nyekundu ninazo. Na kila mhesabu miti atakayeandika "mgunga" bila kusema mgunga gani amlipe mjukuu wangu jogoo mmoja. Si mtetea, jogoo. Banda tumeshalipanua.

Bwana Mifugo Mstaafu,
Meatu, Simiyu.